Novemba Halifax na bibi mwenye magoti mabovu: muone nini, muache nini

SWALI: Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni Halifax, Kanada. Mwanzoni mwa Novemba nitakwenda kumwona kwa wiki moja, na nitafuatana na mama yangu. Ana miaka 70, magoti yanamsumbua na ngazi kwake ni shida. Ndugu zetu walioko Toronto wanasema Novemba Halifax hakuna kitu, makumbusho yote yanakuwa yamefungwa, na mji wenyewe ni habari za Titanic tu, afadhali tupande basi twende Niagara. Mama naye anauliza jambo moja: huko kuna historia ya watu weusi ambayo anaweza kuiona kwa macho yake? Pesa si nyingi. Tufanyeje?

JIBU: Dada, hongera kwa kumfikisha binti mwaka wa pili, na shikamoo yangu mfikishie mama. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mji huu. Nilivyokuelewa, unaogopa mambo mawili: nauli ya watu wawili isije ikapotea bure, na mama asije akachoshwa kwa vitu visivyokuwa na maana kwake. Hofu zote mbili ni za haki. Ila ushauri wa ndugu wa Toronto una kasoro, na ngoja tuanzie hapo.

Niagara kwanza. Ramani ya Kanada inadanganya macho. Kutoka Halifax hadi Toronto kwa barabara ni takribani kilomita 1,800, na maporomoko yako mbele ya Toronto. Kwa basi mtamaliza siku mbili kwenda na mbili kurudi, magoti ya mama yakiwa yamekunjwa kitini muda wote. Kwa ndege inawezekana, lakini nauli hiyo ndiyo pesa yenu yote ya wiki. Mmekuja kumwona mtoto. Niagara haihami.

Kwamba makumbusho yote yanafungwa Novemba, hilo ni nusu ya ukweli. Msimu wa watalii hapa unakwisha meli za kitalii zinapoacha kutia nanga, yaani mwishoni mwa Oktoba au siku chache baadaye. Vinavyofungwa ni vitu vya nje, boti za matembezi na baadhi ya majumba madogo vijijini. Makumbusho makubwa ya mjini huendelea, ila hupunguza siku na saa, na siku inayokatwa mara nyingi ni Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu pangeni kupumzika, na kabla ya kutoka siku yoyote ile binti apige simu aulize saa za siku hiyo. Faida yake ni kwamba mtaingia bila foleni. Agosti watu wanabanana mbele ya kabati moja la kioo. Novemba mama anaweza kukaa kwenye benchi akaliangalia kabati hilo nusu saa bila mtu kumsukuma.

Sasa hili la Titanic. Wengi wanafika wakidhani meli ile ilizama karibu na hapa, au kwamba walionusurika waliletwa hapa. Haikuwa hivyo. Ilizama tarehe 15 Aprili 1912, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya Halifax, na walionusurika walipelekwa New York. Walioletwa Halifax ni maiti. Kilichoamua ni bandari: hapa ndipo zilipokuwa zikikaa meli za kutengeneza nyaya za simu za chini ya bahari, zenye mabaharia waliozoea kufanya kazi katikati ya Atlantiki, na hapa ndipo reli ilipoanzia kwa ndugu waliokuja kuchukua miili. Meli ya nyaya iitwayo Mackay-Bennett iliondoka na shehena ya majeneza na barafu, ikaopoa maiti 306. Wa daraja la kwanza waliwekwa kwenye majeneza, wengine wakashonewa turubai. Hata baharini daraja la tiketi lilihesabika.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo litakalowasaidia kuchagua. Halifax ni mji wa watu wapatao 440,000 kwa sensa ya 2021, si mkubwa, na karibu kila kitu kinachofaa kuonwa hapa kimetokana na maji yale. Wami'kmaq, wenyeji wa nchi hii, hupaita Kjipuktuk. Waingereza walijenga mji mwaka 1749 kwa sababu bandari ina kina na haigandi majira ya baridi, wakati njia ya mto Saint Lawrence kwenda Montreal ilikuwa ikizibwa na barafu miezi kadhaa. Ukiingia ndani zaidi kuna mlango mwembamba, The Narrows, na nyuma ya mlango huo kuna Bedford Basin, ghuba pana iliyozungukwa na nchi kavu ambamo meli nyingi zinaweza kujificha pamoja. Mkiwa na picha hiyo kichwani, makumbusho matatu tu yanawatosha, na yatazungumza yenyewe kwa yenyewe.

Mwanze na njia rahisi kuliko zote: feri ya kwenda Dartmouth, ng'ambo ya pili. Imekuwa ikivusha watu tangu 1752. Nauli ni ile ile ya basi la mjini, safari ni dakika kumi na kidogo, na watu wanaopanda ni wafanyakazi na wanafunzi kama kwenye pantoni la Magogoni. Mama akae dirishani. Upande wa kaskazini ataona madaraja mawili makubwa. The Narrows iko huko.

Makumbusho ya kwanza ni Maritime Museum of the Atlantic, ufukweni kabisa, na yana lifti. Msijaribu kuona kila kitu, meli za mifano pekee zitawamaliza. Nendeni kwenye viatu. Ni jozi ya viatu vya ngozi vya mtoto, vya kahawia, vidogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja kimoja. Mwili wa nne kuopolewa na Mackay-Bennett ulikuwa wa mtoto wa kiume ambaye hakuna aliyekuja kumdai, na mabaharia wenyewe walichanga pesa wakamzika na kumwekea jiwe. Nguo za marehemu ziliamriwa kuchomwa moto ili wenye tamaa wasije wakaziuza kama ukumbusho. Askari polisi mmoja alishindwa kuvichoma viatu vile, akavihifadhi, na mwaka 2002 familia yake ikavikabidhi kwa makumbusho. Wakati huo huo wanasayansi walikuwa wamepima vinasaba vya mabaki machache kaburini, wakasema ni mtoto wa Kifini wa miezi 13. Viatu vikakataa: vilikuwa vikubwa mno kwa mtoto wa umri ule. Wakapima upya kwa kina zaidi, na mwaka 2007 ikatangazwa kwamba ni Sidney Goodwin, Mwingereza wa miezi 19, aliyekufa pamoja na baba, mama na ndugu zake watano.

Kaburi lake liko Fairview Lawn, pamoja na makaburi mengine 120 ya watu wa Titanic. Kama siku ni kavu, chukueni teksi mkae robo saa. Mtakuta maua kwenye jiwe la J. Dawson, wakiyaweka wageni wanaodhani ndiye kijana wa ile filamu ya Titanic ya 1997. Aliyelala pale ni Joseph Dawson, mbeba makaa wa chumba cha injini. Mvua ikinyesha liacheni, nyasi zikilowa zinateleza.

Kwenye makumbusho hayo hayo kuna chumba ambacho binafsi nakiona kizito kuliko Titanic, nacho ni cha mlipuko wa 1917. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba mwaka ule, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, meli ya Kifaransa Mont-Blanc ilikuwa ikiingia bandarini na tani zaidi ya 2,000 za vilipuzi, na juu ya sitaha mapipa ya benzoli, mafuta yanayoshika moto upesi. Haikupandisha bendera nyekundu ya tahadhari, maana nyambizi za Kijerumani zingejua ni meli ipi ya kuipiga. Meli ya Kinorwei, Imo, ilikuwa ikitoka. Zikagongana The Narrows, tena kwa mwendo mdogo. Ziliporudi nyuma chuma kikakwaruza chuma, cheche zikaruka, benzoli ikawaka. Mabaharia wa Mont-Blanc wakakimbilia mashua. Meli ikaachwa ikiungua karibu dakika ishirini huku ikisogezwa na maji hadi ufukweni, na hizo dakika ndizo zilizoua watu wengi. Moshi ulikuwa mzuri kutazama. Watoto waliokuwa njiani kwenda shule wakasimama, kina mama wakasogea madirishani. Muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi kwa saa za Halifax, meli ikalipuka. Watu karibu 2,000 walikufa na 9,000 wakaumia. Vioo viliwaingia machoni wale waliokuwa wakitazama, kiasi kwamba madaktari walitoa macho kwa mamia. Kesho yake theluji ya dhoruba ikaangukia nyumba zisizo na paa.

Uhusiano wa vyumba hivyo viwili hauandikwi kwa herufi kubwa, kwa hiyo nawadokeza. Mwaka 1912 msajili wa vifo wa hapa, John Henry Barnstead, alibuni utaratibu wa kuipa kila maiti namba na kuweka vitu vya mfukoni kwenye mfuko wenye namba ile ile, ili ndugu waweze kumtambua mtu wao hata kwa saa au kitana. Miaka mitano baadaye, baada ya mlipuko, ni mwanawe Arthur aliyesimamia chumba cha maiti kwa utaratibu ule wa baba yake. Tafuteni pia vitu vya Vince Coleman, karani wa reli aliyekuwa ameshaanza kukimbia, akakumbuka kuna treni za abiria zinakuja, akarudi kwenye mashine yake ya telegrafu kuzisimamisha. Hakutoka tena. Mji wa Boston, Marekani, ulituma madaktari na misaada upesi, na tangu 1971 jimbo hili huipelekea Boston mti mkubwa wa Krismasi kila mwaka. Mti hukatwa mwezi huo huo wa Novemba.

Makumbusho ya pili ni Pier 21, kusini zaidi ufukweni. Kati ya 1928 na 1971 wahamiaji karibu milioni moja walishukia kwenye banda lile, wakapanda treni zilizokuwa zikisubiri nyuma yake. Hapa nikutoe kwenye matarajio yasiyo sahihi: msitegemee kukuta watu wa Afrika Mashariki wengi katika hadithi za banda lenyewe. Kanada ilianza kupokea watu kwa alama za elimu na ujuzi mwaka 1967, na wa kwetu walikuja kwa ndege. Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walitua Montreal, banda likiwa limeshafungwa. Hata hivyo mama atajiona mle. Kuna masimulizi ya kina mama wa Kiitalia walioficha soseji na jibini kwenye mizigo, wakanyang'anywa na maofisa wa forodha huku wakilia. Basi kama mna dagaa au karanga za binti, semeni uwanjani mnapojaza fomu. Kosa ni kuficha. Ukisema, ofisa ataangalia aamue.

Sasa swali la mama, ambalo mimi ningelipa siku nzima peke yake.

Ndiyo, historia ipo, na ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Watu weusi wa Nova Scotia, yaani jimbo hili la Halifax, hawakuja juzi wala hawakuja kama sisi. Karibu 3,000 waliletwa na Waingereza baada ya vita vya uhuru wa Marekani, mwaka 1783, wakiwa wameahidiwa uhuru na ardhi. Ardhi ilikuwa ya mawe au haikutolewa kabisa, na Januari 1792 karibu 1,200 kati yao wakapanda meli 15 hapa bandarini wakaenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Mwaka 1796 wakaja mamaruni kutoka Jamaika, vizazi vya watumwa waliotoroka, watu waliokuwa wamepigana na Waingereza milimani. Walifanya kazi kwenye ngome ya Citadel. Waongozaji wengine husema walijenga ngome mnayoiona leo, lakini hiyo ni ya baadaye, ilikamilika 1856. Yao ilikuwa ile iliyotangulia. Nao wakaondoka 1800 kwenda Sierra Leone. Kisha baada ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Waingereza wakaja wakimbizi wengine kama 2,000, na vizazi vyao wako hapa mpaka sasa.

Nendeni Africville. Ni kando ya Bedford Basin, chini ya daraja la pili, na makumbusho ya tatu ni kanisa dogo. Watu weusi walianza kununua viwanja pale mwaka 1848, wakajenga kanisa lao la Kibaptisti, duka na shule. Walilipa kodi kwa jiji. Jiji halikuwapa maji ya bomba, mifereji ya maji machafu wala lami, ila liliwapa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na baadaye jalala. Miaka ya 1960 jiji hilo hilo likasema mtaa ni mchafu, watu wahamishwe kwa faida yao. Watu wapatao 400 waliondolewa, baadhi vitu vyao vikipakiwa kwenye malori ya taka. Kanisa lilibomolewa usiku, mwaka 1967. Jiji liliomba radhi rasmi tarehe 24 Februari 2010, na kanisa mnaloingia leo ni mfano wa lile la zamani, limejengwa baada ya radhi hiyo. Lina picha, sauti na vitu vya nyumbani vya watu ambao watoto wao bado wanaishi mjini. Kila Julai familia hukutana pale uwanjani.

Chukueni teksi, maana basi na miguu havifai kwa magoti yale, na pigeni simu kabla kwa sababu makumbusho madogo hubadili saa zake. Jambo moja la adabu: mkimkuta mhudumu, huenda ni mtu wa familia za pale. Mama asalimie kwanza, asikilize, halafu aulize. Nimeona wageni kutoka kwetu wakiingia na maneno ya "sisi sote ni Waafrika" kabla ya kuuliza lolote, na mhudumu akanyamaza kwa heshima. Mateso yale yana wenyewe. Mkiwa na siku ya ziada, Black Cultural Centre iliyoko Cherry Brook, upande wa Dartmouth, imekusanya historia hiyo kwa upana tangu 1983.

Halafu mpe mama noti ya dola 10, ile iliyosimama wima. Aliye juu yake ni Viola Desmond, mwanamke mweusi wa Halifax aliyekuwa na saluni yake. Mwaka 1946 alikataa kuhama kiti cha wazungu kwenye jumba la sinema la New Glasgow, akaburutwa nje na kulala mahabusu. Kwa kuwa hakukuwa na sheria iliyoandikwa ya kutenga viti, walimshitaki kwa kukwepa kodi: tofauti ya kodi kati ya tiketi ya juu na ya chini, senti moja. Alisamehewa 2010, miaka mingi baada ya kufa. Mistari iliyo nyuma ya sura yake kwenye noti ni ramani ya mitaa ya kaskazini mwa Halifax, na mtaa wa Gottingen alikofanyia kazi umo. Mnaweza kupita hapo kwa teksi mkitoka Africville.

Mengine kwa ufupi. Ngome ya Citadel iko juu ya kilima, na Novemba sehemu kubwa ya ndani hufungwa, msiipande. Mtaisikia hata hivyo: mzinga hupigwa kila siku saa sita mchana, isipokuwa Krismasi. Mwambie mama mapema asishtuke. Kwenye Art Gallery of Nova Scotia kuna nyumba nzima ya mchoraji Maud Lewis, chumba kimoja kilichopakwa rangi kuanzia mlango hadi jiko. Alikuwa na baridi yabisi tangu utotoni, vidole vimepinda, akachora hadi alipofariki 1970. Mtu mwenye viungo vinavyouma atamwelewa haraka. Maktaba kuu ya mjini, iliyofunguliwa 2014, ni bure, ina lifti na joto, na ghorofa ya tano inatazama bandari.

Peggy's Cove, kijiji cha mnara wa taa umbali wa saa moja hivi kwa gari, ninawashauri mwende ikiwa tu upepo umetulia na mna gari. Kuna jukwaa la kutazamia ambalo hata kiti cha magurudumu kinafika. Mbaki hapo. Mawe meupe ni makavu. Mawe meusi ni yale yanayofikiwa na maji na kuota ukungu unaoteleza. Mawimbi makubwa hutokana na dhoruba iliyo mbali, kwa hiyo bahari inaweza kutulia dakika kumi kisha likaja moja likafagia mwamba. Watu wamekufa pale wakipiga picha, na maji ya Novemba hukata pumzi dakika ya kwanza.

Mji mzima umeinama kutoka Citadel kwenda baharini. Siri ya kuokoa magoti ni kupanda kwa gari na kushuka kwa miguu, tena kwa mshazari, hata kushuka kukiuma msione haya kuita teksi kwa mitaa mitatu. Sehemu moja kubwa kwa siku inatosha, asubuhi baada ya chai. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Koti la kuzuia upepo lina faida kuliko sweta tatu. Tarehe 11 Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani: maduka mengi hufungwa, na saa tano asubuhi watu husimama kimya dakika mbili. Mkiwa mtaani, nanyi simameni.

Kuna mambo ambayo mimi si wa kuyajibu. Viza na barua ya mwaliko muulizeni mshauri aliyesajiliwa au ofisi husika, si jamaa wa mtandaoni. Magoti ya mama yaangaliwe na daktari wake kabla ya safari, hasa kama anavimba miguu au ana presha, kwa sababu kukaa muda mrefu kwenye ndege huweza kugandisha damu miguuni. Bima ya afya ya safari ikateni kabla ya kuondoka: mgeni hapa hatibiwi kwa bima ya serikali, na usiku mmoja hospitalini unaweza kuzidi nauli zenu zote. Soma sehemu ya maradhi ya zamani, maana bima nyingi huyakataa yasipotajwa. Akiwa hapa akijisikia vibaya kidogo, pigeni 811 mzungumze na muuguzi. Kifua kikimbana au akishindwa kupumua, 911 mara moja. Na binti anapopiga simu makumbusho kuuliza saa za kufungua, aulize pia kama wanaazimisha kiti cha magurudumu. Mama atakataa mwanzoni. Mkichukue tu, akichoka kitakuwa karibu.